Vyeo Vyote vya Mjomba Mhina

Enzi za Mwingereza, huko Handeni, Mwaija na mumewe Hiza walilima shamba lao mpaka viganja vikaota sugu.

"Mahindi yasipozaa mwaka huu," Hiza alisema akinoa jembe, "naenda Ngombezi kukata mkonge."

"Huendi," alijibu Mwaija. "Mbegu zipo. Tunangoja mvua tu."

Mbegu zilikuwa katika ghala la chama cha ushirika. Na chama kilikuwa Mjomba Mhina, mjomba wa karibu kijiji kizima. Siku ya kukiunda watu waliulizana, nani mwenyekiti? Mjomba Mhina. Katibu je? Mjomba Mhina. Mtunza ghala? Watu wakatazamana. Akipewa mwingine, mjomba atanuna, na kwa Wazigua mjomba akinuna hata mtoto tumboni hutulia. Basi, Mjomba Mhina. Paka wa ghala ndiye pekee aliyebaki na kazi yake.

Mvua ya kwanza ikanyesha. Asubuhi wanachama walifika ghalani na vikapu. Mlango una kufuli. Mjomba yuko harusini Mnyuzi, ufunguo umo kiunoni mwake.

"Tuvunje," alisema Mwaija.

"Mlango wa mjomba?" Jirani yake Muhidini alishtuka. "Anza wewe, sisi tutakuombea dua."

Hakuna aliyevunja. Wakangoja siku sita. Mjomba aliporudi, amenenepa kwa pilau, ardhi ilikuwa imekauka. Walipanda hivyo hivyo. Mahindi yakanyauka yangali magotini. Hiza akakunja mkeka wake, akaenda Ngombezi.

Bwana Ernesti, afisa wa ushirika kutoka Korogwe, alipokuja kukagua chama, Mwaija hakungoja kuulizwa.

"Bwana, chama chetu kina kichwa, hakina mikono."

"Kazi za chama hugawanywa, mama," alisema Ernesti. "Mwenyekiti aongoze mikutano. Katibu aandike. Mtunza ghala ashike ufunguo, na msaidizi wake ashike wa pili. Wote wasimamiwe na kamati. Na kamati ijibu kwenu, kwenye mkutano mkuu. Mmoja akisafiri, kazi isilale."

"Na heshima ya mjomba?" aliuliza Muhidini.

"Mheshimuni. Kwani nimesema mumpige?"

Wakachagua upya. Mhina alibaki mwenyekiti, akanuna wiki nzima, na hakuna aliyekufa. Mwaija akawa mtunza ghala. Wazee walikohoa, wakazoea. Ufunguo wa pili akapewa Muhidini.

Mwaka uliofuata mvua ilinyesha Mwaija akiwa Ngombezi. Alikwenda kumchukua Hiza, aliyechomwa jicho na mwiba wa mkonge. Muhidini alifungua ghala asubuhi ile ile. Kila mwanachama alipata mbegu zake, na za Mwaija majirani walimpandia.

Mahindi yakazaa, mabua yakainama. Hiza aliyatazama kwa jicho lililobaki.

"Mazuri," alisema.

"Laiti yangekuwa ya mwaka jana," alijibu Mwaija, akaendelea kuvuna.