Bango la Darlene

Asubuhi Darlene Novak alitoka kuchukua barua kwenye sanduku lake kando ya barabara. Loo! Bango la mgombea wake wa urais, alilolichomeka hapo kando, halipo. Yamebaki matundu mawili kwenye nyasi.

Hakujiuliza mara mbili. Ng'ambo ya barabara anakaa kaka yake, Walt, na Walt ni wa chama kile kingine. Akampigia simu.

"Mwizi mkubwa wee! Jumapili usitie mguu kwangu!"

"Wizi gani tena, dada? Unaumwa?"

Darlene akakata simu. Jumapili mama yao, anayeishi kwa Darlene, anatimiza miaka tisini. Kila siku anauliza, "Walt atakuja?" Sasa atamjibu nini?

Akachungulia dirishani. Bango la Walt nalo halipo! Darlene akachanganyikiwa. Mwizi gani anajiibia mwenyewe? Au amelificha ili amzuge? Kahawa ikapoa mkononi mwake, hajui aamini lipi.

Mchana likapita gari la halmashauri. Dereva, Curtis, ndiye anayefyeka kando ya barabara. Darlene akamsimamisha.

"Umemwona aliyeiba bango langu?"

Curtis akacheka. "Nimeling'oa mimi, mama. La Walt pia. Mliyachomeka kwenye eneo la barabara. Yanawazuia madereva kuona mbele."

"Lakini nyasi hizi nazikata mimi, mwaka wa thelathini huu!"

"Unazikata, ila si zako. Kwako kunaanzia kwenye nguzo ile ya umeme. Ndani ya hapo weka hata kumi. Sisi hatuangalii chama. Njoo uyachukue ofisini."

Darlene aliona haya. Amemtukana ndugu yake bila kumuuliza hata neno moja! Akayafuata mabango yote mawili, akabisha hodi kwa Walt.

"Nisamehe, kaka. Ni halmashauri iliyoyang'oa. Nilipaswa kukuuliza kwanza."

"Tangu lini mimi nikakuibia, dada?"

"Hujawahi. Ila kumpigia kura yule mtu wenu... Walt, sikuelewi kabisa."

"Hata mimi sikuelewi. Umeona nini kwa yule wako?"

Darlene akamkabidhi Walt bango la chama chake. Wakayachomeka mabango upya, kila mtu ndani ya uwanja wake.

Jumapili Walt aliwahi kuliko wageni wote. Mama yao akawauliza walichokuwa wakigombania.

"Urais, mama," Darlene akasema.

"Na huyo rais," mama akauliza huku akimega keki, "ndiye atakayekuja kunizika?"

Walt akasogeza kiti chake karibu na dada yake.