Kiti Kilichorudishwa Mahali Pake

Kila siku akitoka shule, Chiriku alikuwa na kazi tatu: kuvua sare na kuitundika, kuosha vyombo vya asubuhi, na kumtia bibi yake matone ya macho. Jina la Chiriku alipewa na bibi huyo huyo, kwa sababu mtoto alianza kusema kabla hajajua kutembea, na tangu siku hiyo, kwa maneno ya Bibi, hajapumzika. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na mdomo wa watu wanne.

Matone yale hayakumrudishia Bibi macho. Yalimpunguzia maumivu tu. Macho yenyewe yalikuwa yamefunikwa na ukungu kwa miaka mitano sasa. Aliona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu, basi. Lakini ndani ya nyumba ungeapa kwamba anaona kuliko wewe. Alitoka chumbani kwake, mkono wa kulia ukagusa kabati la vyombo, hatua tatu, mkono ukakuta mgongo wa kiti kikubwa cha mikono, hatua nne, pembe ya meza ya kulia, kisha mlango wa baraza. Hakupapasa wala hakusitasita. Mguu wake ukigusa kiatu kilichoachwa njiani, nyumba nzima ilisikia.

"Nani huyu? Mnataka kuniua kabla sijagawa urithi?"

Watu walicheka, maana urithi wenyewe ulikuwa redio moja na mto wa kulalia.

Mwaka ule Baba alihamishwa kazi, ikabidi nyumba iuzwe. Akaitwa dalali, mtu mwembamba mwenye kalamu sikioni. Alizunguka vyumba vyote, akitikisa kichwa kama daktari mbele ya mgonjwa mkaidi.

"Nyumba ni nzuri," alisema, "ila imevaa vibaya. Mnunuzi akiingia, dakika moja tu ameshaamua. Punguzeni vitu. Pazia hili zito litoke, wekeni jepesi, mwanga uingie. Kuta zipakwe rangi nyeupe. Vitasa vinavyocheza vikazwe. Sebule ionekane pana." Alipofika karibu na mlango wa Bibi akapunguza sauti, ila haikupungua vya kutosha. "Halafu Jumamosi wateja wakija, mzee akikaa kwa jirani saa moja hivi, itapendeza zaidi."

"Nimesikia!" Bibi akajibu kutoka chumbani. "Mimi na pazia zito tutatoka pamoja."

Dalali aliona haya, akajifanya anapima dirisha.

Maneno yake yalimwingia Chiriku kuliko yalivyowaingia wenye nyumba. Wiki ile hakuzungumza jambo jingine. Alisugua madirisha, akakaza vitasa na bisibisi ya Baba, akapaka rangi sehemu zote alizozifikia. Kweli nyumba ilianza kung'aa, na Mama hakuficha furaha yake. Alimpa onyo moja tu.

"Kitu chochote ukikihamisha, kwanza mshike Bibi mkono umwonyeshe kilipo. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Na mwanzoni alitii. Kibao cha viatu kilipohamia nyuma ya mlango, alimchukua Bibi akakipapasa juu hadi chini. "Haya, nimekiandika kichwani," Bibi akasema.

Alhamisi alasiri Baba na Mama walikuwa kazini, na Bibi alikuwa amelala. Chiriku alisimama katikati ya sebule akiwa na kalenda ya zamani yenye picha ya chumba kizuri. Katika picha, kiti kikubwa kilikuwa kando ya dirisha, na meza ndogo ilikuwa katikati, na maua juu yake. Akakisukuma kiti hadi dirishani. Akaileta meza ndogo ya mbao iliyokuwa imejibanza ukutani, akaiweka katikati kabisa, pale pale Bibi alipokuwa akipita. Juu yake akaweka jagi la maji. Loo! Sebule ilipendeza hata yeye mwenyewe akajipigia makofi.

Alifikiria kumwamsha Bibi. Akajiambia, mwache alale, maskini, amechoka. Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na alijidanganya mwenyewe. Ukweli ni kwamba aliogopa Bibi atasema hapana. Akatoka kwenda kuomba maua kwa jirani yao, mama mshonaji. Maua yalikatwa kwa dakika mbili. Mazungumzo yalichukua karibu nusu saa.

Aliporudi, mlangoni alisikia mtu akiguna. Bibi alikuwa sakafuni, ubavu mmoja umelowa maji, vipande vya jagi vimetapakaa, na mkono wake wa kulia umepinda vibaya.

"Bibi! Mama yangu wee!"

"Usipige kelele," Bibi alisema kwa shida. "Kamwite mtu mzima."

Mama mshonaji alikuja mbio, sindano bado imechomekwa kifuani kwenye blauzi. Hakutazama kiti wala meza wala vipande vya jagi. Macho yake yalikuwa kwa mgonjwa tu. Wakamsimamisha, teksi ikaitwa, Bibi akapelekwa hospitali. "Wewe baki ulinde nyumba, wazazi wako nitawapigia simu," mama mshonaji akamwambia Chiriku, na gari likaondoka.

Chiriku akabaki peke yake. Alikusanya vipande vya jagi, akapangusa maji. Kisha akaibeba meza ndogo, akairudisha ukutani. Akakivuta kiti kikubwa, akaiweka miguu yake minne juu ya alama zake sakafuni. Alipomaliza, sebule ilikuwa kama ilivyokuwa asubuhi, kana kwamba hakuna mkono uliopita.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku ile mambo yalikwenda kombo: asiyesikia alikuwa mzima wa afya, na aliyevunjika ni mkuu mwenyewe.

Jioni Bibi alirudi, mkono umefungwa plasta ngumu hadi juu ya kiwiko. Baba akamkalisha.

"Mama, ilikuwaje? Njia hii si unaijua?"

"Kiti hakikuwepo," Bibi akasema. "Nilinyoosha mkono nikashika hewa. Halafu kulikuwa na kitu katikati, kifupi, cha mbao. Kikanikata miguu."

Baba akatazama huku na huku. "Mama, kiti kipo."

"Nakwambia hakikuwepo."

"Basi njoo." Baba akamshika mkono mzima, akampeleka taratibu, akauweka juu ya mgongo wa kiti. "Hiki hapa. Na katikati hakuna kitu. Chiriku, ulihamisha kitu chochote?"

Chiriku, aliyekuwa na mdomo wa watu wanne, alipata neno moja tu.

"Hapana."

Bibi aliendelea kukishika kile kiti, akakipapasa mikono yake, akapapasa tena mgongo wake. Uso wake ulibadilika. Haikuwa hasira. Ilikuwa hofu, na Chiriku hakuwahi kumwona Bibi akiogopa.

"Basi ni mimi," akasema polepole.

Tangu hapo Bibi hakutoka tena chumbani peke yake. Alikaa kitandani akihesabu mambo kwa sauti ya chini: majina ya wanawe, miezi ya mwaka, bei ya mafuta ya taa enzi za ujana wake. Alikuwa akijipima akili. Ijumaa, Chiriku alipokuwa akimtia matone, Bibi alimshika mkono.

"Mjukuu wangu, wewe una macho, tena hujui kunyamaza. Niambie kweli. Nimeanza kuchanganyikiwa?"

Jibu lilikuwa pale pale ulimini. Lingetoka, lingemtoa bibi yake gizani mara moja. Lakini Chiriku aliwaza kipigo, akawaza uso wa Mama, akasema, "Umezeeka tu, Bibi."

"Ahaa," Bibi akasema. Akamwachia mkono.

Usiku ule Chiriku alishindwa kula, akasingizia tumbo. Kupitia ukutani aliwasikia wazazi wake wakizungumza.

"Akili imeanza kumtoka," Baba alisema, na sauti yake ilikuwa nzito. "Huko tunakohamia sisi sote tutakuwa kazini. Nyumba ngeni, hajui hata ukuta mmoja. Heri akae kwa dada. Kule kuna mtu mchana kutwa."

"Mwenyewe umemwambia?"

"Nimemwambia. Amekubali. Hata hakubisha. Hicho ndicho kilichoniumiza."

Jumamosi wateja walikuja, mume na mke. Bibi alikuwa ameshapelekwa kwa mama mshonaji, kama dalali alivyotaka. Kuta zilikuwa nyeupe, pazia jepesi lilipepea, vitasa havikucheza. Mke yule akasimama katikati ya sebule akasema hapa ndipo. Dalali akamgeukia Baba, meno yote nje. "Si niliwaambia? Sasa nyumba imevaa!" Chiriku aliyeitamani siku hiyo wiki nzima alikwenda uani akalia nyuma ya pipa la maji.

Jumapili asubuhi shangazi yake alifika kumchukua Bibi. Vitu vya Bibi vilienea kwenye mfuko mmoja. Redio ilikuwa juu kabisa. Shangazi alikuwa mwema, na alisema maneno mema kwa sauti ile ambayo watu huwasemesha watoto wachanga. "Tutakwenda polepole, eeh? Hatua moja moja, Mama." Bibi, ambaye wiki moja iliyopita angemjibu jibu la kumkalisha chini, aliitikia tu kwa kichwa. Alifika kwenye kabati la vyombo akasimama. Mguu wake ulinyanyuka, ukarudi chini.

"Siwezi," akasema. "Nishikeni. Sijui kilichoko mbele."

Chiriku hakuweza tena. Aliruka mbele yao wote, akakisukuma kiti kikubwa hadi dirishani, kikakwaruza sakafu kwa mlio mkali. Akainyakua meza ndogo, akaitua katikati.

"Wewe mtoto una wazimu?" Baba akafoka.

"Ilikuwa hivi!" Chiriku alilia. "Alhamisi ilikuwa hivi! Mimi ndiye niliyehamisha. Halafu nikarudisha. Bibi hakukosea. Bibi ana akili zake zote!"

Bibi akaenda mbele, akainama, mkono wake wa kushoto ukaikuta meza. Akaipapasa pembe zote nne.

"Kifupi, cha mbao," akasema. "Nilisema."

Baba akakaa kwenye kiti cha karibu. "Mama, nisamehe. Niliamini kiti kuliko nilivyokuamini wewe."

"Uliamini. Hata mimi niliamini kiti." Bibi akanyoosha mgongo. "Chiriku, njoo hapa."

Chiriku akaja, machozi na makamasi vikimchuruzika.

"Mkono huu nimekusamehe. Mifupa huunga, na kupamba nyumba si kosa. Lakini siku tatu nimelala na kuamka nikijiona mwehu. Nilikuuliza kwa mdomo wangu, ukanijibu nimezeeka. Hilo bado sijalisamehe, na sitakudanganya kwamba nimelisamehe."

"Nisamehe, Bibi," Chiriku akanong'ona.

"Nimesikia. Ngoja." Kisha akamgeukia binti yake. "Na wewe, rudisha mfuko wangu chumbani. Nakwenda na mwanangu huko kwenye nyumba mpya. Kuta nitazijifunza, akili ya kujifunzia ninayo."

Shangazi akaurudisha mfuko. Baba hakumchapa Chiriku. Chiriku angependa achapwe, yaishe.

Jioni Chiriku alikiweka kiti juu ya alama zake, akamwita Bibi, akampitisha mkono kila mahali. Baada ya chakula, Bibi alisema anataka kwenda barazani peke yake. Akagusa kabati, akahesabu hatua tatu, akashika mgongo wa kiti. Hapo akasimama.

"Mbele kuna kitu?"

"Hakuna, Bibi," Chiriku akasema. "Njia nyeupe kabisa, naapa."

Bibi alisubiri kidogo. Kisha akainama kwa taabu, mkono mmoja katika plasta, akapapasa kwa huo mwingine hewani mbele ya magoti yake, kushoto na kulia. Alipohakikisha mwenyewe kwamba hakuna kitu, ndipo akaendelea, hatua ndogo ndogo za mtu mgeni.

Moyo ulimuuma Chiriku. "Mama, nimemwambia kweli! Mbona haniamini?"

Mama alikuwa akikunja kitambaa cha meza. Hakuacha kukunja.

"Kosa la Alhamisi lilikuwa la kuhamisha meza, na kosa hilo lingekwisha Alhamisi hiyo hiyo kama ungesema. Uliloficha ndilo lililokua," akasema. "Sasa usilie, wala usimlaumu. Kila akikuuliza, mjibu kweli. Leo, kesho, na keshokutwa. Na kila akiinama kupapasa, mngoje, usimharakishe. Imani ya mtu hairudishwi kama kiti."

Chiriku akafuta uso, akaenda kusimama kwenye mlango wa baraza, kumngoja Bibi atakapotaka kurudi.