Majani ya Petra

Kila asubuhi Tiril alikunywa kijiko cha mafuta ya ini la samaki, akakunja uso, kisha akashuka ngazi kwenda kumsalimia Petra. Petra hakuwa mtu. Alikuwa ua, jeraniamu nyekundu iliyopandwa kwenye chungu kikubwa cha udongo, nayo ilikaa dirishani sebuleni kwa bibi yake. Bibi aliishi ghorofa ya chini. Tiril na wazazi wake waliishi juu. Nje kulikuwa na giza, nalo lingebaki mchana kutwa. Mjini Hammerfest jua huaga mwezi wa Novemba, na halionekani tena mpaka Januari inapoelekea ukingoni. Kwa hiyo Petra alikuwa na taa yake mwenyewe, iliyoning'inia juu yake kwa mnyororo.

"Taa ikae juu kiasi hiki," bibi alizoea kusema, akisimamisha mkono wake kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole. "Na tukishakula cha jioni, izime. Hata ua hulala."

Petra alikuwa na jina la mama yake bibi. Wakati wa vita, mji ulipochomwa moto na watu wote wakahamishwa, yule mama aliondoka na mtoto mkononi, ndiye bibi mwenyewe, na kitawi cha jeraniamu kifuani, chini ya koti la sufu. Nyumba iliungua, kitawi kikapona. Bibi hakuwahi kumgawia mtu hata tawi moja. Watu wakimwomba alicheka tu. "Mimi na Petra ni pacha," aliwaambia. "Siku akinyauka yeye, mjue na mimi naaga."

Wote walicheka naye. Tiril naye alicheka, mpaka siku ile bibi alipoanguka jikoni.

Kumbe kifua kilikuwa kimemuuma tangu vuli, naye hakumwambia mtu. Kila alipoulizwa alijibu kwamba ni uchovu tu. Sasa ilibidi apelekwe kwa ndege hadi hospitali kubwa ya Tromsø, apasuliwe moyo, na mama akaenda naye. Alipokuwa anaingizwa kwenye gari la wagonjwa, bibi alimshika Tiril vidole. Mkono wake ulikuwa wa baridi.

"Nitunzie Petra," alisema.

Tangu siku hiyo hofu ilimkaa Tiril rohoni, ikakataa kutoka. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, na alijua vizuri kwamba ua si mtu. Lakini maneno ya bibi kuhusu pacha hayakumtoka kichwani. Alipotazama nje akaona giza limegandamana na kioo, alimhurumia Petra. Nani humwacha mgonjwa wake gizani? Basi akaishusha taa pingili baada ya pingili, mpaka ikakaribia kugusa maua. Jioni ilipofika hakuizima, wala kesho yake. Aliiacha iwake usiku na mchana.

Mwanzoni Petra alionekana kuchangamka. Kisha jani moja la juu likaanza kujikunja, kingo zikielekea juu kama mdomo wa kikombe. Kesho yake yakafuata mengine. Rangi yake ilififia, kijani ikawa manjano, na pembeni pakakauka. Tiril alimwagilia maji. Majani yakazidi kujikunja. Siku hiyohiyo mama alipiga simu, akasema bibi ana homa na upasuaji umeahirishwa hadi Alhamisi. Tiril alikaa kwenye ngazi, simu ikiwa imekwisha kukatwa.

Aliyeambiwa kwanza alikuwa Aslak, rafiki yake wa darasani. Alikuja akiwa na theluji mabegani, akaliinamia lile ua.

"Daktari wa maua, mgonjwa wako ana hali mbaya," alisema.

"Usinitanie, Aslak. Siyo leo."

Aslak alimtazama usoni, akaacha utani. "Nyanya alizopanda shangazi yangu zilikunja majani hivihivi. Zilikuwa na virusi. Alizitupa zote, zisije zikaambukiza nyingine."

"Alizitupa?"

"Nje kabisa. Mwambie baba yako, Tiril. Ungekuwa wewe unaumwa, ungenyamaza?"

Baba, ambaye hakujua kutofautisha ua na kabichi, alijikuna kichwa, kisha akampigia simu Solveig, mdogo wake mama. Solveig alikuwa na chumba kizima cha miche chini ya nyumba yake, na watu wa mtaani walimletea mimea yao kama wanavyopeleka watoto kliniki. Alisema angefika baada ya kazi.

Tiril alisikia hayo akiwa mlangoni. Mama mdogo akiiona taa, atajua. Na akijua, atasema kwamba aliyemharibu Petra ni Tiril; na kama Petra ameharibika, basi bibi... Hakuweza kulimalizia wazo hilo. Alishuka mbio, akaipandisha taa mpaka mahali pake pa zamani, akaupima urefu kwa mkono.

Solveig alivua viatu vyenye theluji mlangoni, akaenda moja kwa moja dirishani na soksi zake. Aligeuza jani, akalitazama upande wa chini kwa kioo cha kukuzia. "Hakuna wadudu, hakuna utando wa buibui." Akachomeka kidole kwenye udongo. "Unyevu umezidi kidogo, lakini mizizi hainuki." Akapitisha kiganja pembeni mwa dirisha kutafuta upepo wa baridi. Hakuuona. Kisha akarudi kwenye majani, akayalinganisha ya juu na ya chini.

"Ajabu," alisema. "Majani ya chini, yaliyojificha kivulini, ni mazima. Yaliyoumia ni ya juu tu. Kama taa ingekuwa karibu, ningesema ni mwanga umemzidi. Lakini taa iko juu." Akageuka. "Tiril, kuna kitu umebadilisha? Taa, mahali pake, chochote?"

"Hapana, mama mdogo."

"Inazimwa jioni?"

"Ndiyo."

Uongo ulitoka mwepesi, hata mwenyewe akashangaa. Solveig alishusha pumzi.

"Basi sina la kufikiri ila virusi. Na virusi havina dawa." Alimgeukia baba. "Nisikilize, shemeji. Inaniuma sana, ila siwezi kumwacha humu. Nikishika huyu nikaenda kushika miche yangu, nimeimaliza. Wala kitawi hatuwezi kukata, kwa sababu ugonjwa husafiri ndani yake. Tutamweleza mama akishapona."

Alivaa glavu, akakiinua chungu. Petra alitikisika, ua moja likadondoka sakafuni. Baba alifungua mlango wa nje. Baridi iliingia sebuleni mara moja, baridi ile inayogandisha unyevu puani, na Tiril akajua kwamba ua la ndani haliwezi kuivumilia mpaka kwenye pipa la taka. Solveig alikuwa amekwisha kuingiza mguu mmoja kwenye kiatu.

Hofu zilikuwa mbili sasa. Akisema, watajua ni yeye. Asiposema, Petra anakufa sasa hivi, mbele ya macho yake.

"Ni mimi," alisema. Sauti haikutoka vizuri, akarudia. "Mama mdogo, subiri. Ni mimi. Niliishusha taa mpaka karibu kabisa. Sikuizima, hata usiku. Nimeirudisha juu leo, kabla hujaja."

Baba alifunga mlango. Tiril alilia kwa kwikwi, akayatoa yote: pacha, mkono wa baridi wa bibi, Alhamisi. "Nimemuua Petra," alisema. "Na bibi naye atakufa."

Solveig alikirudisha chungu mezani, akavua glavu, akamkumbatia. Kisha akamshika mkono, akaishusha taa mpaka pale Tiril alipoonyesha kwamba aliishusha, akauweka mkono wa Tiril chini yake, ngozi ya juu ikielekea mwanga.

"Tulia hapo. Unasikiaje?"

Punde tu ngozi ilianza kuchoma. Tiril aliuondoa mkono.

"Wewe umeuondoa. Yeye hana miguu. Analoweza ni kujikunja, ili mwanga umpate kidogo." Solveig alipandisha taa tena. "Haya yaliyounguzwa hayatanyooka tena, nisikudanganye. Tutatazama yatakayochipua. Petra hana virusi, mwanangu. Ameunguzwa na mapenzi yako tu."

"Na bibi?"

"Moyo wa bibi unatibiwa na madaktari. Hautibiwi na jeraniamu." Alimfuta machozi kwa mkono wa sweta yake. "Lakini ningemtupa nje Petra akiwa mzima, na wewe ungekaa na siri hiyo maisha yako yote. Mficha maradhi kilio humuumbua. Dawa ya kwanza ni kusema ukweli. Nisipoambiwa ukweli, hata kioo changu hiki ni bure."

Alhamisi ilikuwa ndefu. Tiril hakula shuleni, na Aslak alikaa karibu naye bila kumtania hata mara moja. Jioni, baada ya kuzima taa, simu ililia. Baba aliisikiliza akiwa amefumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na machozi, na alikuwa akitabasamu.

Siku jua liliporudi, shule nzima ilipanda mlimani kulilaki. Lilichungulia kidogo tu juu ya bahari, jekundu, watoto wakalishangilia, kisha wakashuka kula maandazi yenye jemu kama desturi ilivyo. Tiril alirudi nyumbani akakuta vijani viwili vipya juu ya shina la Petra, vidogo na bapa kabisa, kijani safi. Akampigia bibi simu ya picha, akamwonyesha. Kisha akamsimulia kila kitu kuanzia mwanzo, hata uongo aliomwambia mama mdogo.

Bibi, aliyekuwa bado hospitalini ameegemea mito, alisikiliza mpaka mwisho.

"Ule mzaha wa pacha ulikuwa wa kijinga, unisamehe," alisema. "Lakini tumefanana mimi na wewe. Wote wawili tuliona mambo yanaharibika, tukaficha kwa kuogopa. Wewe ulisema mlango ukiwa bado wazi. Mimi nilingoja mpaka nikaanguka. Kosa likisemwa mapema hutibika, Tiril, hata likiwa kubwa. Majani yakikomaa, kata vitawi viwili. Kimoja mpe Solveig, kingine Aslak. Nilikosea kumfungia Petra kwenye dirisha moja."

"Sawa, bibi." Tiril alimtazama vizuri kwenye kioo cha simu. "Na wewe leo? Kifua kinauma?"

"Hapana, ni uchovu t..." Bibi alinyamaza. Akacheka polepole, mkono ukiwa juu ya kidonda cha upasuaji. "Kinauma upande wa kushoto, nikikohoa. Ngoja nimwite muuguzi nimwambie."