Shanga za Iguana Aliyepotea

Walikutana Jumamosi kwenye foleni ya samaki, ufukweni George Town, watu wamebanana na jua la kuchoma. Tavia alivaa sare ya hifadhi ya iguana wa buluu, mijusi wakubwa walio adimu; ilikuwa imepigwa pasi sawasawa. Orrett, mwenye kibali cha kuwinda iguana wa kijani waliovamia kisiwa, alikuwa na buti zilizojaa matope.

"Dada, wewe unawalea, mimi nawaua. Tutaelewana kweli?"

"Waue wa kijani tu, kaka. Ukigusa wa buluu, nitakufunga mwenyewe."

"Si unifunge leo!"

Tavia akacheka, moyo ukaenda. Miezi minne wakawa chanda na pete.

Juni, iguana jike mwenye mayai tumboni akatoweka hifadhini. Kila iguana wa pale hutungwa shanga kwenye ngozi ya shingo, mpangilio wa rangi ndio jina lake. Huyu alikuwa na nyekundu, nyeupe, njano. Siku ya pili, Tavia akifua shati la Orrett, akazikuta mfukoni, zote tatu. Akapiga simu.

"Mpenzi, uko wapi?"

"Kwa bibi. Napumzika tu."

Tavia akasikia koleo likichota udongo. Anamzika, akawaza. Akaendesha gari mpaka kwa bibi huyo, East End, huku analia.

Orrett alikuwa uani, koleo mkononi.

"Umemzika wapi?"

"Nimzike nani? Angalia nyuma yako."

Iguana alikuwa juu ya rundo la mchanga, mzima, akitikisa kichwa kwa hasira.

"Alikuwa kichakani, kajaa matope. Nikamtia kitanzi nikidhani wa kijani, akapapatika, shanga zikakatika. Hapa ni mawe matupu, ndiyo namletea mchanga atage. Ningesema, kibali kingekwenda. Na wewe pia."

"Kwa hiyo ukanidanganya."

"Nilikudanganya, ndiyo."

Jibu hilo lilimuuma Tavia kuliko shanga.

"Kesho nenda ofisi ya vibali ukaseme mwenyewe. La sivyo nasema mimi, na tusijuane tena."

Kesho yake adhuhuri Orrett akaja kwa Tavia. "Wamemrudisha iguana hifadhini, na kibali wamechukua."

Tavia akapiga simu ofisini kuhakikisha, mbele yake, bila haya. Ilikuwa kweli.

"Umeridhika, polisi wangu?"

"Bado."

"Basi tuoane, unichunguze nyumbani."

Tavia akajifuta machozi. Alimpenda mno, na bado hakumwamini.

"Nakubali. Lakini kwanza nipe simu yako niione."

Orrett akampa.