Kijumba cha Kuta za Buluu

Udongo ulikuwa umelowa. Hilo ndilo lililoanza, na lilikuwa jambo dogo ambalo mtu mwingine angelipita bila kugeuza shingo. Lakini Mama Vijumba alikuwa ameuchekecha udongo ule kwa mikono yake, akauanika juani siku mbili, kisha akaubandika kwa gundi juu ya ubao, na gundi ile ikishakauka hata maji ya bomba hayapenyi. Asubuhi hiyo alipougusa, kidole kilirudi na tope. Karakana yote ilinuka mvua iliyotoka kunyesha sasa hivi, na mvua hawakuwa wameiona kwa mwezi mzima.

Alidhani paa linavuja. Akapanda ngazi, akakagua bati kwa bati, akashuka na utando wa buibui kichwani na hasira zisizo na wa kumtupia.

Jina lake lilitokana na kazi yake. Aliwatengenezea wasanifu wa majengo mifano midogo ya kadibodi na plastiki, ile inayowekwa ofisini juu ya meza ili wakubwa waiinamie na kutikisa vichwa, kila kitu kimepunguzwa mara mia. Safari hii alikuwa na bustani ya michezo ya familia iliyopangwa kujengwa katika kitongoji cha wenye nazo: gurudumu refu la kupandia hewani, farasi wa kuzunguka, mitelezo ya maji, treni ya watoto, na watu mia tatu wa plastiki, kila mmoja na urefu wa kucha ya kidole gumba.

Mafundi wengine hununua unga wa rangi ya udongo dukani. Yeye aliuita huo ubabaishaji. Kwa kila kazi alikwenda mwenyewe kiwanjani akachota udongo wa palepale, ili mteja akiangalia mfano aione ardhi yake hasa. Kwenye kiwanja hiki, nyuma ya kuta ndefu za majumba ya watu, majani yalimfika kiunoni, isipokuwa mahali pamoja tu. Pale palikuwa na duara safi la udongo mwekundu, wa kupendeza kweli, na juu yake mistari ya ufagio. Alicheka peke yake. "Wenye nazo hawa, hata pori wanafagia," alisema, akajaza mifuko miwili.

Hakujiuliza ni uwanja wa nani.

Siku ya pili udongo ulikuwa mkavu tena, ila watu wake wote mia tatu walikuwa wamelundikwa kwenye kona moja ya ubao, kifudifudi na chali, baba juu ya watoto, pamoja na miti na viti vya kupumzikia. Kati ya farasi wa kuzunguka na kituo cha treni palikuwa peupe, na mistari myembamba ilipita pale sambamba, mmoja baada ya mwingine.

Akamwita bintiye. Binti alikuwa na miaka saba na wote nyumbani walimwita Chiriku, kwa sababu tangu alipojifunza kusema hakuwahi kupumzika. Aliongea akila, aliongea akipiga mswaki, usingizini aliongea, na baba yake, dereva wa basi la shule, alisema mtoto huyu peke yake anamchosha kuliko basi zima.

"Umechezea kazi yangu?"

"Siyo mimi, mama."

"Chiriku, nitazame. Nina siku nne tu za kumaliza."

Mtoto akasogea karibu na kushusha sauti, jambo ambalo si kawaida yake. "Ni yule mama anayefagia. Anasema watu wamejaa uwanjani kwake. Ana mtoto, lakini mtoto wake hasemi. Wanalala nje, mama. Hawana nyumba."

Mama Vijumba alimwambia aache kutunga, akamfukuza akale. Alimkaripia zaidi ya kosa lenyewe, kwa kuwa nywele za mikono zilikuwa zimemsimama.

Akawapanga watu wake upya, mmoja mmoja, kwa kibano. Mchana wakafagiwa, wakati yeye yuko jikoni hatua kumi kutoka pale. Akawapanga tena. Na alasiri ya siku hiyo, jua likiwa bado kali dirishani na redio ya jirani ikitangaza mpira, alipokuwa ameinama anabandika paa la kituo cha treni, akasikia ufagio, si nje wala kwa jirani, bali chini ya pua yake, kwaa, kwaa, sauti ndogo kiasi kwamba alilazimika kuzuia pumzi ili aisikie, na alipoizuia akasikia na pumzi nyingine isiyokuwa yake, ya mtu aliyechoka na kazi, na ile harufu ya mvua ikapanda ikamjaa puani, na mbele ya macho yake bibi mmoja wa plastiki akasogea, akasogea tena, akabingirika hadi kwenye kona na kulala huko uso chini.

Alitoka nje, akakaa kwenye kizingiti mpaka mpira wa redioni ukaisha.

Mtu mwenye akili timamu angeubeba ubao ule akautupa. Lakini maonyesho yalikuwa Jumamosi, wakazi wote wa kitongoji wangekuja ukumbini kuukubali mradi au kuupinga, na msanifu alikuwa amempigia simu mara tatu siku hiyo. Tena yeye ni fundi, na fundi kila tatizo huliona kwa macho ya kazi yake. Hawana nyumba? Basi, si nyumba tu?

Akaijenga jioni ileile. Kadibodi nzuri ilikuwa imemwishia, akaokota mezani jalada la daftari la zamani la Chiriku, gumu, la buluu. Akakata kuta nne, paa, mlango unaofunguka na madirisha mawili. Kilitoka kizuri kuliko vyote alivyowahi kuvitengeneza, kidogo cha kukaa juu ya kiganja. Akakibandika katikati ya ule uwanja uliofagiwa, akajikaza na kusema kwa sauti, "Haya. Hiyo ni yenu. Na mimi niachieni kazi yangu."

Asubuhi watu mia tatu walikuwa wamesimama kila mmoja mahali pake. Mama Vijumba alijipongeza. Alipika chai akiimba, na ilimchukua muda kugundua kwamba jikoni anasikika peke yake.

Chiriku alikuwa amekaa mezani, kikombe mkononi, anamtazama. Alifungua mdomo, akaufunga. Hakikutoka kitu, hata kikohozi.

Daktari alimmulika koo, akasema koo ni zima. Akasema labda mtoto ameshtuka, wampe muda. Wakampa muda, Alhamisi na Ijumaa yote, na nyumba ile ambayo baba mtu alikuwa akiilalamikia kwa kelele ikawa kimya hadi wakaanza kuogopa kugonganisha vijiko. Ijumaa jioni walikuwa wote watatu sebuleni kwao, mtoto katikati, ameegemea bega la mama. Hapo wakasikia Chiriku anaongea karakanani.

Ilikuwa sauti yake hasa, na ule mkwaruzo wake wa mwisho wa sentensi, anasimulia jambo refu la treni na farasi, anacheka, anaendelea. Mama akamtazama mtoto aliyekuwa begani pake. Midomo yake ilikuwa imefungwa, na machozi yanamtoka.

"Unasikia?" mume alinong'ona.

"Nasikia."

"Mama Chiriku, umeleta nini humu ndani?"

Akamwambia yote. Mume hakumgombeza, na hilo lilimuuma zaidi. Alisema kuna mzee anayemshonea viti vya basi, fundi cherehani, ambaye watu humwendea kwa mambo ambayo hospitali hawayaandikii dawa. Wangemfuata asubuhi na mapema.

Asubuhi, kabla hawajatoka, gari la msanifu likaja kuuchukua mfano. Mama Vijumba aliuona unaondoka na akafurahi. Alidhani yule mama wa ufagio na mtoto wake wanaondoka nao.

Mzee alikuwa anashona zipu walipoingia. Waliposema shikamoo aliitika marahaba bila kuinua macho, akamaliza zipu yake, ndipo akamwita mtoto, akamwekea kiganja kooni kama anayempima kola.

"Hajaumwa huyu," alisema. "Hayumo, ndiyo shida. Binti yangu, ulipowapa nyumba ulisema maneno gani?"

"Nilisema hiyo ni yenu."

"Kwa mdomo wako."

"Kwa mdomo wangu, mzee."

"Na uliijenga kwa kitu gani?"

Alipotaja jalada la daftari, cherehani ilisimama. Mzee aliuliza kama jalada lilikuwa na maandishi. Mama Vijumba akakumbuka, na damu ikamwisha usoni. Kwa ndani, kwenye ukuta wa nyuma, palikuwa na jina kamili la mwanawe na darasa lake, kwa mwandiko wa mwanawe mwenyewe. Alikuwa ameligeuzia ndani ili lisionekane.

"Basi umewapa nyumba yenye jina la mtoto wako ukutani, ukawaambia ni yao, yaani na vilivyomo," mzee alisema, pole pole, kwa huruma. "Mtoto wao hakuwa na sauti. Sasa anayo. Mimi siwalaumu sana, ulichukua uwanja wao mzima ukauleta kwako kwenye mifuko."

"Nifanye nini?"

"King'oe kijumba kwa mkono wako uliokijenga, urudishe na udongo pale ulipoutoa. Lakini iwe kabla wakazi wa kule, wenye ardhi kwa karatasi, hawajakikubali. Wenye ardhi wakishakubali kwa mhuri, hao wa ufagio ni wakazi kama wakazi wengine, na mimi hapa nitabaki na uzi wangu tu. Kiko wapi?"

Mume alikuwa ameshakimbilia basi.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Watu waliovaa vizuri waliuzunguka mfano tabaka tatu, na Mama Vijumba, na gundi yake kwenye kucha na khanga aliyojifunga haraka, akapita katikati yao kwa viwiko. Msanifu alimdaka mkono, anang'aa kwa furaha.

"Fundi! Umeniokoa. Walikuja na meno nje, eti makelele, eti magari. Wakakiona kile kijumba chako cha buluu, basi. Kila mtoto anakitaka, kila mama anakipiga picha. Nimewaahidi tutakijenga kikubwa, watoto waingie."

"Kitoe. Kitoe sasa hivi."

"Nitoe nini? Mwenyekiti ameshapiga mhuri."

Alionyesha karatasi mezani. Wino ulikuwa bado haujakauka, na Mama Vijumba, ambaye hajawahi kumgusa mtu kwa ubaya, alimsukuma mwenyekiti wa wakazi kando, akanyoosha mkono, akakishika kijumba na kuking'oa na kipande cha udongo chini yake. Kilikuwa chepesi kiganjani, jalada la daftari tu, hakuna kilichokuwamo. Na kutoka pale chini kilipokuwa kimekaa, kwenye kile kiraka cha gundi, sauti ya mwanawe ikasema taratibu, karibu sana:

"Mama, kirudishe. Tumeshahamia."

Msanifu aliisikia. Ilionekana machoni. Lakini watu wengine walicheka, wakadhani ni kifaa kilichofichwa mle, na mmoja akapiga makofi.

Kijumba alikichoma. Mifuko miwili ya udongo, pamoja na ule alioukwangua ubaoni, aliirudisha kiwanjani, akipiga magoti kwenye majani, akiomba radhi kwa asiyemwona mpaka sauti ikamkauka. Mzee wa cherehani alikuja pamoja nao, akasoma alichosoma, akasikiliza kwa muda, kisha akaikunja miwani yake. "Umechoma karatasi, mwanangu," alisema. "Nyumba yao iko kwenye ramani." Msanifu alimpa kazi fundi mwingine, na fundi yule akakitengeneza kijumba upya kwa kuangalia picha.

Bustani ilifunguliwa baada ya mwaka na nusu. Familia zinakuja kutoka mbali, na foleni ndefu kuliko zote haiko kwenye gurudumu, iko kwenye nyumba ya buluu, kwa sababu watoto wanapenda kumsikiliza yule msichana anayeongea bila kupumzika nyuma ya ukuta. Fundi umeme anaapa hakufunga spika humo. Aliambiwa asilirudie hilo mbele ya wageni.

Mama Vijumba huja kila alasiri na binti yake. Langoni wanamjua, wanampitisha. Wanakaa kwenye benchi lililo karibu na dirisha la nyuma, na Chiriku, ambaye sasa ana miaka tisa na huandika kwenye kidaftari anachotaka kusema, hula maandazi yake na kuangalia farasi wakizunguka. Yeye hasikilizi. Mama ndiye anayesikiliza. Wakati mwingine hucheka peke yake kwa yale masimulizi, na akimaliza kucheka hufuta macho.

Jana watu walikuwa wachache. Sauti ilisimulia, ikasimulia, kisha ikakatika katikati ya neno, kama ya mtoto aliyetazama nyuma akajiona yuko peke yake.

"Mama?" iliita. Ikaita tena, kwa hofu. "Mama, uko wapi?"

Mama Vijumba alishasimama, kiganja kiko ukutani, mdomo umeshafunguka kuitika.

"Niko hapa, mwanangu," mwanamke mwingine alimjibu kutoka ndani, akaweka ufagio chini.

"Nilidhani umeniacha," Chiriku akasema mle ndani, akaendelea na hadithi yake.