Nilimfungia Mdogo Wangu Mlango Akitokwa na Damu

Nina umri wa miaka thelathini na sita, fundi cherehani wa hapa Biryogo, Kigali. Watu huniona msikitini safu ya mbele wakadhani nina moyo safi. Nimewaacha wadhani hivyo kwa miaka tisa... Leo nataka kusema nilichomfanyia mdogo wangu. Tumwite Zaina.

Baba alipofariki aliniachia mama, cherehani mbili na Zaina. Alikuwa na miaka kumi na tisa wakati huo, tukikaa naye barazani, mimi nikishona kanzu, yeye akizidarizi. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu. Wateja wengi walikuja kwa ajili yake.

Alikuwa amechumbiwa na Idrisa, rafiki yangu mwenye duka la vitambaa Nyabugogo. Nilijivunia posa ile kuliko hata mama. Siku moja asubuhi nikamtuma Zaina achukue kitambaa dukani kwake. Alirudi mchana, gauni limechanika begani, akasema ameanguka kwenye msongamano wa mabasi. Nikamgombeza kwa kuchelewa. Sikumtazama hata usoni.

Miezi miwili baadaye nilimkuta nyuma ya jiko akitapika. Nilipombana alikaa chini kabisa, mgongo ukutani.

"Kaka, ni Idrisa. Ile siku ulinituma. Alifunga stoo, akaniziba mdomo."

Nilikwenda kwa Idrisa. Alinikaribisha chai. Akaapa kwa Mungu.

"Mimi siwezi kugusa mtu nitakayemuoa," aliniambia. "Dada yako iko na mwanamume mwingine. Mwulize vizuri."

Nami nikaenda kumwuliza vizuri... Nilimpiga kwa rula ya mti ninayopimia vitambaa mpaka ikavunjika. Ilipovunjika nikavua mkanda. Nilimpasua mdomo, jino moja likang'oka. Kila nilipouliza ni nani, alitaja jina lile lile. Na kila alipolitaja nilizidi kumpiga. Ndugu wasomaji, mtu anayedanganya si angebadili jina ili apone? Mbona sikuliona hilo?

Uso ukiwa umevimba, aliniambia kwamba alikwisha kwenda hospitali peke yake. Muuguzi alimsikiliza, kisha akamweleza kuwa sheria ya wakati ule haikuruhusu kutoa mimba, isipokuwa madaktari wawili waandike kwamba uhai wa mama uko hatarini. Kwa nguvu au kwa hiari, sheria haikuuliza. Basi akaniomba jambo moja.

"Nipeleke kwa shangazi Rwamagana. Nitazalia huko. Hakuna mtu wa hapa ataniona."

Nilikataa. Idrisa alikuwa ameniahidi kwamba ndoa bado ipo, mradi mambo yaishe kimya. Tena ni yeye aliyenielekeza kwa mwanamke mmoja anayeishi nyuma ya soko la Nyabugogo. Asiye na hatia angemjuaje mwanamke wa namna ile? Sikujiuliza.

Mama alikuwa amekwenda msibani Butare. Nilimshika Zaina mkono nikamburuta mpaka Nyabugogo, watu wakidhani nampeleka mgonjwa. Ndani ya chumba kile cha udongo alisema hataki. Alisema mara tatu. Nilimlaza mkekani kwa nguvu, nikamkandamiza mabega kwa mikono yangu miwili, yule mwanamke akafanya kazi yake kwa chuma chembamba. Nje wachukuzi walikuwa wakipigiana kelele, hakuna aliyemsikia. Alinitazama usoni muda wote...

Nyumbani damu haikukatika. Siku ya pili homa ikampanda, akaanza kunuka. Alinisihi nimpeleke hospitali. Nikaogopa polisi, nikaogopa majirani. Nikafunga mlango wa chumba chake kwa kufuli, nikakaa barazani kushona. Alipogonga, nilikanyaga cherehani kwa nguvu zaidi ili nisimsikie.

Siku ya tatu mama alirudi. Nikamwambia ni malaria. Akasikiliza mlangoni, akaomba ufunguo, nikasita. Alichukua mchi wa kinu akavunja kufuli, akaingia, akatoka, kisha mchi ule ule akanipiga nao begani. Nilisikia mfupa ukivunjika. Majirani wakambeba Zaina mbio kwenye machela.

Daktari alimwokoa, lakini kizazi kilikuwa kimeoza, wakakiondoa. Alituambia kwamba angeletwa siku ya kwanza, wangeweza kukinusuru.

Polisi walifika kitandani kwake. Walimwuliza nani aliyehusika. Nilikuwa nimesimama hapo hapo miguuni pake, mkono ukining'inia kwenye kitambaa.

"Nilifanya peke yangu," alijibu.

Walipotoka alininong'oneza, "Ukifungwa wewe, mama atakula nini?"

Nami nikanyamaza. Alihukumiwa, akapelekwa gerezani huku mshono haujapona. Siku za kutembelea wafungwa nilifuatana na mama. Zaina alipokea chakula kutoka mkononi mwa mama tu.

Alikuwa bado ndani niliposikia binti mwingine, mwuza chai wa pale sokoni, akimlilia mama yake barazani kwa jirani yetu. Idrisa alimwita achukue vikombe. Akafunga stoo. Akamziba mdomo.

Nilichukua mkasi mkubwa wa kukatia nguo nikaenda Nyabugogo adhuhuri. Nilimvuta Idrisa nje ya duka lake, nikampiga ngumi mpaka vidole vyangu vikachubuka na pua yake ikalala upande. Aliniuma mkono, nikambamiza kichwa kwenye kizingiti. Nilipoinua mkasi, wachukuzi wawili wakanikamata. Idrisa akatema damu, akanitazama kutoka pale chini.

"Mimi nilimfanyia mara moja," akasema. "Wewe umemfanyia mara ngapi?"

Mkasi ulinidondoka.

Zaina alipotoka gerezani alihamia Rebero na mama, na huko anashona. Nilikwenda nikapiga magoti, nikamwambia niko tayari kujipeleka polisi.

"Kwenda ukitaka," aliniambia, macho yakiwa kwenye sindano. "Mimi usiniombe kitu."

Sikwenda. Hiyo nayo iandikeni pamoja na makosa yangu mengine.

Ndugu zangu, kaka na baba mnaosoma haya, msinionee huruma, nawasihi. Binti akikuambia jina la mwanamume, mwamini kabla hujainua mkono. Akisema anataka kuzaa, mtafutie mahali pa kuzalia. Akisema hawezi, kaa naye, mtafutie daktari wa kweli, wala usimkabidhi kwa mtu wa uchochoroni. Na ukiona damu, usiulize nani wala kwa nini, usifikirie majirani. Mbebe mgongoni ukimbie.

Kutoka kwetu mpaka hospitali ni mwendo wa nusu saa kwa miguu.