Kilowati Themanini Zilizopotea

Kila asubuhi ya likizo, Konatsu akitoka kwenye mazoezi ya viungo na wenzake, alipita kwenye mtambo mdogo wa umeme uliosimamiwa na baba yake. Mtambo uliendeshwa na mvuke wa ardhini, jirani na chemchemi za maji moto zilizojaza mabafu ya kijiji. Kazi ya Konatsu ilikuwa kusoma kipimo, na siku zote kilisoma kilowati mia mbili.

"Leo ngapi?" baba aliuliza.

"Mia moja na ishirini."

"Acha utani wako."

"Njoo uone mwenyewe, Baba."

Baba akaja mbio. Alipima joto la kisima cha mvuke akakuta halijashuka hata kidogo. Jasho lilimtoka.

Habari zilimfikia Bi Mitsue, msemaji wa wenye mabafu, naye akafika taulo likiwa shingoni.

"Si niliwaambia? Mmetoboatoboa ardhi mpaka mmeumaliza moto wetu! Saa sita tunakaa kikao, kisima kinafungwa. Wewe katafute kazi mjini."

"Mama, moto upo," baba alimjibu.

"Kiambie hicho kipimo chako!"

Konatsu alijua kwamba mtambo hauhitaji moto peke yake. Unahitaji pia maji baridi ya mtaro unaoshuka kutoka mlimani, ya kupoza mvuke ukishafanya kazi yake. Na jana jioni alikuwa ameuziba mtaro huo kwa mbao, apate kidimbwi cha kupozea tikiti maji. Kila mtoto pale hupoza tikiti kiangazi, lakini kijitoni. Yeye aliona maji ya mtaroni ni baridi zaidi, ingawa baba alishamkataza kuyagusa.

Akisema, atamwaibisha baba mbele ya mama huyu mkali. Akinyamaza, baba hana kazi.

"Baba, ni mimi," alisema Konatsu. "Nimeziba mtaro nipoze tikiti."

Bi Mitsue aliduwaa. "Tikiti?"

"Ndiyo, Bibi. Kubwa."

Baba hakusubiri. Walipanda mlima wote watatu, wakang'oa mbao, maji yakashuka kwa kishindo. Waliporudi, kipimo kilisoma mia moja na arobaini, kisha mia moja na sabini. Kabla ya saa tano kilitulia kwenye mia mbili. Baba aliketi chini kwenye saruji, akacheka huku machozi yakimtoka.

Bi Mitsue alijifuta uso. "Kikao kipo palepale. Nitawaambia moto wetu u salama, na mimi ndiye niliyekurupuka." Kisha akamgeukia Konatsu. "Kosa lako limekula kilowati themanini, mjukuu wangu. Ungenyamaza, lingekula na kazi ya baba yako. Ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado linarekebishika."

"Na mtaro huo," baba aliongeza, "utausafisha wewe likizo nzima."

"Ndiyo, Baba," alijibu Konatsu. Hakuwahi kufurahia adhabu kama siku ile.